Maji ya moto yanakatika nina povu kichwani, na kila fundi dawa yake ni "nunua hita kubwa zaidi"

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Naishi kwenye kijumba cha magurudumu. Jiko, bafu, kitanda cha juu, basi. Hita ni ya gesi, ile ya papo kwa papo isiyo na tangi, imefungwa nje ukutani. Pampu ndogo inavuta maji kutoka kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Kutoka hita hadi shawa bomba halifiki hata mita 3. Mtu angedhani kwa umbali huo maji ya moto hayawezi kuwa tatizo. Wapi! Unafungua, yanakuja ya moto wa kuunguza. Unaongeza ya baridi kidogo ili yaogeke. Kidogo tu, hita inazimika na unamwagikiwa na baridi ya tangi. Funga koki, fungua tena, inawaka, inaunguza, inazimika. Ndiyo kuoga kwangu huko.

Fundi aliyeitwa mwanzo hakufungua hata mkoba wake. Aliitazama hita, akasema imechoka, leta kubwa. Ikaletwa kubwa, akafunga, akalipwa, akaondoka. Hali ikawa mbaya kuliko awali! Ile ya zamani angalau ilikuwa inazimika mara mojamoja. Akaja mwingine, akaitazama hiyo hiyo kubwa, akasema ni ndogo. Ndogo kwa nani, jamani? Humu kuna shawa moja na sinki moja!

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima maji. Wote wameangalia hita, wote wamegonga gonga bomba, hakuna aliyeuliza maji yanapita kiasi gani. Kupima ni jagi na saa ya simu tu. Nimepima mwenyewe: shawa yangu inatoa lita 4 kwa dakika, maana ni ya kubana matumizi, na kwenye kijumba lazima iwe hivyo, tangi halijazwi na mvua kila siku.

Sasa someni kibandiko kilicho ubavuni mwa hita, ambacho mafundi wetu wanakiona kama pambo. Hii kubwa haiwaki mpaka maji yapite ndani yake angalau lita 2.5 kwa dakika. Na moto wake hata ukipunguzwa mpaka mwisho haushuki chini ya kilowati 8. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Kwa hiyo lita 2.5 kwa dakika zikipita kwenye kilowati 8 zinapanda karibu nyuzi 46. Maji yangu yanaingia yakiwa nyuzi 22, yanatoka 68. Hayo si ya kuoga, ni ya kunyonyolea kuku.

Ili niyapate ya nyuzi 40 lazima nichanganye na baridi, na hapo ndipo mchezo unapoharibika. Kwenye zile lita 4 za shawa, ya moto inabaki kama lita 1.6 tu. Hita inataka 2.5. Haipati. Inazima. Yaani kile kitendo chenyewe cha kupooza maji ndicho kinachoizima hita! Ili hita hii ifanye kazi kwenye bafu langu, shawa ingetakiwa kutoa zaidi ya lita 6 kwa dakika, na hata hapo gesi iwe chini kabisa. Kila hita kubwa zaidi ninayoshauriwa kununua ina moto wa chini mkali zaidi, kwa hiyo inanipeleka mbali zaidi na maji ya kuoga. Nilimweleza fundi hesabu hii kwenye simu, akanijibu "hayo ni mambo ya vitabu". Sawa bwana.

Halafu kuna mjenzi. Huyu ndiye ninayemdai hasa.

Bafuni alifunga shawa ya mkono yenye kitufe kwenye mpini, kwamba ukijipaka sabuni unabana maji bila kugusa koki. Wazo zuri, maji yanaokolewa. Lakini ukibana kwenye mpini huku koki ya kuchanganyia iko wazi, njia ya moto na njia ya baridi zinabaki zimeungana ndani ya koki. Upande wenye presha kubwa unausukuma mwenzake. Kwangu baridi ina presha zaidi kwa sababu haipiti kwenye hita, kwa hiyo inaingia kwenye bomba la moto na kwenda zake mpaka sinki la jikoni. Mtu akifungua ya moto pale jikoni anapata vuguvugu la kuchekesha, na hita haiwaki ipasavyo kwa sababu sehemu ya maji imepita kichochoroni.

Kama sinki lako lina vuguvugu la namna hiyo, jaribu hivi. Funga valvu ya maji yanayoingia kwenye hita. Acha koki ya bafu kama unavyoiacha siku zote, kisha fungua koki ya moto jikoni. Vitone vichache vya mabaki ni sawa. Maji yakiendelea kutiririka, yanatoka upande wa baridi, hakuna kwingine. Kwangu yalitiririka kama hakuna kilichofungwa. Tiba ni valvu mbili za njia moja, kila upande wa koki ya bafu moja. Vifaa vidogo hivyo! Mjenzi anasema dhamana yake ni ya bomba linalovuja tu, na hapa hakuna kinachovuja. Kwa hiyo akikuunganishia baridi kwenye moto, mradi sakafu ni kavu, kazi imekamilika.

Pampu nayo inawaka na kuzima kila sekunde chache maji yakiwa yanatoka kidogo, na kila presha ikishuka hita inashtuka. Hapo panahitajika kitangi cha presha baada ya pampu kabla ya hita. Hakipo. Harufu bafuni nisiieleze sana: sinki likimwagwa, kitundu cha shawa kinagugumia, maji ya kwenye mtego (kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu) yananyonywa, gesi ya maji taka inapanda. Hakuna bomba la kupumulia. Mjenzi huyo huyo.

Lililonitoa povu kabisa ni la juzi. Fundi mwingine amependekeza hita ihamishiwe ndani ya bafu, ukutani juu ya shawa, "ili maji yasipoe njiani". Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi, ndani ya bafu lenye ukubwa wa kabati, mlango umefungwa! Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, mtu anaona usingizi tu na haamki. Nilimwomba ashuke ngazi aende.

Sasa naomba mnisaidie kwa mawili, na tafadhali asije mtu na hita ya tatu. Kwanza, kuna aliyewahi kupata hita ya gesi inayoshuka mpaka kilowati 4 au chini ya hapo na kuwaka kwa lita 2? Lita zangu 4 kwa nyuzi 18 zinataka kama kilowati 5, sitaki zaidi. Au niachane na gesi niweke kitangi cha umeme cha lita 30 niende nacho taratibu? Pili, aliyewahi kumbana mjenzi mwenye dhamana ya "bomba linalovuja" mpaka akalipwa, aseme alitumia maneno gani.