Naombeni ushauri: tip Marekani mnatoaje? Naenda likizo na familia

BabaWawili_Dar
Wakuu habari za majukumu. Mwezi wa saba Mungu akipenda naenda Marekani kutembea, mimi na wife na watoto wawili, tunaanzia New York halafu Orlando kwa ajili ya watoto na tunamalizia Miami. Viza tayari, tiketi tayari, kinachoninyima usingizi saa hizi ni hii habari ya tip, yaani bakshishi. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, mmoja anasema asilimia 10 inatosha, mwingine anasema chini ya 20 ni matusi, mwingine ananiambia usitoe kabisa we ni mgeni nani anakujua. Mimi hapa bongo nikila nikaridhika namwachia mhudumu buku mbili au ile chenji iliyobaki na anashukuru kabisa, na siku nisipoacha hakuna anayeninunia. Huko nasikia ni kama lazima. Sasa ni lazima kweli au ni mazoea tu? Na hotelini je, dereva je, yule anayekubebea begi je? Sitaki mtu aliyenihudumia vizuri aondoke mikono mitupu lakini bajeti yangu nayo nimeipiga dola kwa dola. Mlioko huko na mliowahi kwenda naombeni hali halisi.

Mkwawa wa Texas
Mkuu hongera kwa safari. Mimi nimefanya kazi ya kuhudumia meza huku Texas nikiwa nasoma kwa hiyo ntakwambia kwa upande wa yule anayekuletea sahani, maana ukielewa upande wake maswali mengine yote yatajijibu.

Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu wa meza dola 2.13 kwa saa, nyingine zitoke kwa wateja. Umesoma vizuri, dola mbili na senti kumi na tatu, na hiyo haijapanda tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida ni 7.25 na chenyewe kimekaa hapo hapo tangu 2009. Sheria inasema tip zisipofikisha ile 7.25 mwajiri ajazie, lakini mtu ana kodi ya nyumba na ada, 7.25 haimfikishi popote, anachotegemea ni wewe mteja. Halafu kuna kitu wageni wengi hawakijui, sehemu nyingi mhudumu jioni anakatwa asilimia fulani ya mauzo yake anawagawia wa bar na wale wanaosafisha meza. Inakatwa kwenye mauzo, sio kwenye tip aliyopata. Maana yake ukila chakula cha dola 100 ukaondoka bila kuacha kitu, yule dada ametoa hela mfukoni mwake ili wewe ule. Ilikuwa inaniuma sana, unahudumia familia masaa mawili, unawaletea watoto penseli za rangi, wanakushukuru kwa tabasamu, unafika mezani hakuna kitu.

Kwa hiyo mgahawa wa kukaa ukahudumiwa weka asilimia 18 hadi 20. 15 ndo chini, hiyo utaacha kama huduma ilikuwa ya hivi hivi. Lazima kisheria sio, hakuna polisi atakuja, ila ihesabu kama sehemu ya bei ya chakula tangu unapoangalia menyu. Kama hesabu ikigoma basi siku hiyo kuleni kwa kujihudumia, hakuna aibu hata kidogo.

Kijana_Mpole
Mimi hili sijawahi kulielewa na sitalielewa. Mwenye mgahawa ameajiri mtu, mgahawa ni wake, faida ni yake, halafu mshahara nilipe mimi niliyetoka Dar kwa jasho langu? Si wapandishe bei ya chakula tujue moja. Mleta mada ukitoa ni kwa moyo wako ila usitishwe na mtu.

Mkwawa wa Texas
Kijana nakuelewa na hata Wamarekani wenyewe wanalalamika sana. Ila yule dada hakuitunga hiyo sheria. Ukimnyima wewe mwenye mgahawa haumii hata senti, anaumia yeye peke yake. Kama mtu hapendi mfumo asiende kukaa kwenye zile meza.

Nyerere Square
Kijana_Mpole umegusa kitu kikubwa, ngoja niongeze historia kidogo. Kutoa bakshishi wenye hela wa Marekani waliiga Ulaya, ila ilivyoota mizizi kule ni baada ya utumwa kufutwa 1865. Watu weusi waliokuwa wameachiwa huru wakaajiriwa kwenye mahoteli na kwenye treni, na waajiri wengi wakawa wanawalipa kidogo sana au hawawalipi kabisa, waishi kwa kile anachotupa abiria. Wale wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman ndo wanaojulikana zaidi, walikuwa weusi, na walipochoka wakaunda chama chao 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapambana mpaka kampuni ikasaini nao mkataba 1937. Kwa hiyo hasira yako ni ya haki kabisa ndugu yangu, ila ielekeze kwa waliouweka huo mfumo, sio kwa anayebeba trei.

WaKiambu_Seattle
Salamu kutoka huku Washington. Niongeze kitu, si kila state iko hivyo ya Texas. Huku kwetu, California, Oregon, Nevada, Minnesota, Montana na Alaska mwajiri lazima alipe minimum wage (kima cha chini) yote kwanza ndio tip ije juu yake. Hapa Seattle ni zaidi ya dola 20 kwa saa. Na bado watu hutoa 18, 20, kwa sababu rent ya huku ni balaa na ishakuwa desturi. Lakini wewe unaenda New York na Florida na huko kote mwajiri bado anaruhusiwa kulipa waiter chini ya minimum akihesabia tips, ingawa wana viwango vyao, si hiyo 2.13. So toa tu vizuri boss.

Ile utaona kila mahali ni ile tablet. Umenunua kahawa na mandazi ya kubeba, mtu anakugeuzia screen imeandikwa 18, 20, 25 na watu wako kwa laini nyuma yako. Hapo usiingiwe na presha. Kununua kaunta si kama kuhudumiwa mezani, bonyeza "No Tip" uende zako, ama umwachie dola moja ukipenda. Supermarket, petrol station, McDonald's, hapo hakuna tip.

BabaWawili_Dar
Aisee nimejifunza kitu kikubwa, hiyo ya kukatwa kwenye mauzo imenigusa. Sasa nipigieni hesabu moja ya mfano, New York tumekula watu wanne chakula cha dola 84. Nalipa ngapi mwisho wa siku? Na hiyo asilimia inapigwa kabla ya kodi au baada?

Mama Salha NYC
Baba Wawili karibu sana New York. Menyu za huku bei haina kodi ndani, usishangae ukiona bili imepanda. Kodi ya mauzo hapa mjini ni asilimia 8.875, kwa hiyo kwenye 84 inaongezeka 7.46. Tip unaipiga kwenye 84, kabla ya kodi, 18 inakuja 15.12. Jumla 106.58. Wenyeji wengi wa hapa hawaumizi kichwa, wanaangalia kodi iliyoandikwa kwenye bili wanaizidisha mara mbili, inakuja karibu 15, wanaongeza kidogo wakipenda. Ila ujanja huo uuache hapa hapa New York, ukifika Orlando kodi ni 6.5 ukizidisha mara mbili utakuwa umempunja mtu.

Na teksi ya njano kutoka JFK kuja Manhattan ina bei moja iliyopangwa, dola 70, lakini juu yake kuna tozo ndogo ndogo na daraja au handaki la kulipia kama mtapita huko, halafu ndo tip, 15 hadi 20 kama kawaida. Watu wanasikia 70 wanashika 70 mkononi, wanaishia kuzozana na dereva na watoto wamechoka wanalia kwenye siti ya nyuma. Andaa mia kwa usalama. Uber unampa tip kwenye app baada ya kushuka.

Pwani_Pwani
Mimi nataka kumsemea mtu ambaye kila uzi wa hivi anasahaulika, dada wa usafi wa vyumba. Nafanya hiyo kazi hotelini, sitaji mji. Watu wanampa hela yule wa mlangoni aliyewafungulia teksi, wanampa wa mabegi, halafu sie tunaokunja mashuka, tunaosugua choo chenu na kuokota mchanga wa watoto kwenye zulia hamtuoni maana mkirudi tumeshaondoka. Jamani tukumbukeni. Dola 2 mpaka 5 kwa usiku, mkiwa na watoto na chumba kimechafuka fanyeni 5. Na acha KILA SIKU asubuhi, usingoje siku ya kuondoka, maana anayesafisha leo sie atakayesafisha kesho, utampa mtu ambaye siku zote alikuwa mapumziko. Weka juu ya mto na kikaratasi umeandika Thank you, bila kikaratasi wengine tunaogopa kuigusa tusije kuambiwa tumeiba. Mabegi ni dola 1 au 2 kwa kila begi, na ukibeba mwenyewe hudaiwi na mtu.

BabaWawili_Dar
Dada yangu asante kwa kusema, hilo nalichukua na wife keshaliandika kwenye daftari la safari.

Mgumu wa Mweka
Mleta mada mimi ni mwongoza wageni wa mlima Kilimanjaro, niko Moshi. Naongea kwa uzoefu wa upande wa kupokea. Mgeni akishuka pale geti la Mweka amechoka, wapagazi wanamwimbia, halafu inatolewa tip, na niwaambie ukweli hiyo tip kwa mpagazi ndo inalipa ada ya mtoto. Kwa niliowapandisha mimi Wamarekani ndo wanaotoa bila kusumbuana, hawangoji kuombwa, wanauliza tu kiwango ni kipi wanaweka kwenye bahasha. Zamani nilidhani wana hela nyingi tu. Sasa nikisoma huu uzi naelewa, wamekulia kwenye hali hiyo, wengi wao walishawahi kubeba trei wakiwa wanafunzi. Mbongo mwenzangu ukienda kwao nenda ukatoe kama wao wanavyotoa kwetu.

Msafiri_Mzoefu
Angalizo la MIAMI na naomba ulisome mara mbili. Migahawa mingi ya kule hasa South Beach inaongeza yenyewe asilimia 18 au 20 kwenye bili, inaandikwa "service charge" au "gratuity" au "SVC", kwa herufi ndogo huko chini, kwa sababu wanapokea wageni wengi wasiojua kutoa. Halafu bado karatasi inakuja na mstari mtupu wa tip. Mgeni anajaza 20 nyingine juu, amelipa karibu 40. Soma bili mstari kwa mstari kabla hujashika kalamu. Ukiona imo tayari umemaliza, ule mstari mtupu upige kistari. Hata miji mingine mkiwa kundi la watu sita au zaidi wanaongeza hivyo hivyo. Na kama huna uhakika muulize mhudumu hiyo hela inamfikia yeye, maana kisheria service charge ni mali ya mgahawa, tip ndo ya mfanyakazi.

La pili sio la tip lakini linakaribiana. Zile akili zetu za kumpooza mtu ili mambo yaende ziache uwanja wa ndege wa Dar, JNIA. Afisa uhamiaji, polisi, mtu wa forodha, USIMPE kitu, hata kwa nia njema. Ile ni rushwa, na rushwa kule utaondokea nayo mahakamani.

Kijana_Mpole
Haya nimesoma yote, ya Mkwawa na ya yule dada wa vyumba yamenibadilisha kidogo. Mfumo bado naona ni wa dhuluma ila ningekuwa pale mezani ningetoa.

BabaWawili_Dar
Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimerudi kwenye bajeti nimeweka 20 juu ya kila mlo wa mezani, tumepunguza migahawa, asubuhi tutanunua vitu supermarket tule chumbani. La mwisho kabisa: nalipa kwa kadi ya benki ya hapa. Tip naiwekaje kwenye kadi? Na hizi noti ndogo nazipata wapi, bureau hapa wamenipa mia mia tupu.

Mkwawa wa Texas
Mhudumu atachukua kadi yako ataondoka nayo, usishtuke, sehemu nyingi bado ni hivyo, nyingine siku hizi wanakuletea kimashine mezani. Anarudi na risiti mbili, moja yako moja yao. Kwenye ile yao kuna mstari wa tip unaandika, chini yake unaandika jumla, unasaini, unaiacha mezani na unaondoka. Kwa ule mfano wa Mama Salha, SMS ya benki itaingia kwanza na ile 91.46 ya chakula na kodi, baada ya siku moja mbili inabadilika inakuwa 106.58. Hujaibiwa, ndo tip imeingia, usikimbilie kufunga kadi mkiwa katikati ya safari. Piga picha ile risiti yako kama kumbukumbu, ikija tofauti na ulichoandika hapo sasa ndo uwapigie benki.

Noti ndogo ingia duka lolote ukifika, nunua maji, toa ishirini, mwambie keshia akupe ones and fives. Fanya hivyo siku ya kwanza kabla ya hoteli, maana wa begi utakutana naye mlangoni.