Kijani na kahawia wamepandana: chura mmoja au wawili?

Mwalimu_Rutamba
Wakuu, habari za usiku. Nafundisha baiolojia huku Rutamba, Lindi. Vijana wangu wamekusanya picha za vyura wa majarubani wakazipanga kwa rangi: ukurasa wa kijani, ukurasa wa kahawia, ukurasa wa madoa. Jana tumemulika tochi kwenye matete tukakuta kidogo cha kijani kimemng'ang'ania mgongoni mkubwa wa kahawia mwenye madoa meupe yaliyozungushiwa weusi. Sasa darasa zima linabishana. Niwaambieje?

Bi_Mikindani
Mwalimu, hao ni mke na mume, na daftari lenu limewapa talaka! Kwa maelezo hayo ni Hyperolius argus, wa ukanda wetu huu wa pwani. Dume mara nyingi kijani, jike kahawia na madoa.

Rangi iacheni mwisho. Kwenye jenasi ya Hyperolius wachanga wa kike na wa kiume hufanana, kisha jike akikomaa hubadili vazi, huku madume wengi wakibaki na lile la utotoni. Anzeni na mboni ya jicho. Hyperolius mboni yake imelala. Afrixalus na Leptopelis, jenasi nyingine za vyura, imesimama, kama ya paka. 

Baada ya jicho, tazameni koo. Dume wa Hyperolius ana kipande cha ngozi kilichotuna chini ya kidevu, jike hana. Halafu pua: Hyperolius tuberilinguis imechongoka, na huyo dume kwa jike wote ni kijani au manjano. Hyperolius pusillus ni kadogo mno na ngozi yake inapitisha mwanga. Jike mwenye mayai unayaona tumboni bila kumpasua. Mimi huyo ndiye nimpendaye.

Kijana_wa_Newala
Shikamoo Bi. Kwa nini wasirekodi milio kwa simu tu?

Bi_Mikindani
Marahaba. Warekodi, tena ni vizuri. Arne Schiøtz, mtafiti wa Denmark, alitegemea sana milio kuwatenganisha vyura wa miti wa Afrika, kwa kuwa maumbo yanadanganya. Ila wanaoita ni madume. Ukifuata sauti peke yake, majike yote yatakosa ukurasa.

Mwalimu_Rutamba
Ahsante Bi, kurasa tunazipanga upya. Kuna mwingine: mboni imesimama, mgongo kahawia, pembeni michirizi mipana ya rangi ya fedha. Karibu yake jani limekunjwa na kugandishwa juu ya maji.

Bi_Mikindani
Afrixalus fornasini. Ndani ya hilo jani kuna mayai, msilifungue. Viluwiluwi wakiwa tayari watadondoka majini wenyewe. Mpige picha mgongo kwa karibu, utaona vichunusi vyenye ncha. Waandike hivyo kabla ya kuandika "fedha".