Naomba ushauri: upasuaji wa neva iliyoumia kwenye kifundo cha mkono

Ndugu wanajamvi, mimi ni seremala hapa Moshi. Mwaka jana nilikatwa na kioo juu kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na ingawa kidonda kilipona vizuri, hadi leo hata mkono wa shati ukigusa kovu nahisi kama nimepigwa na umeme. Daktari ameeleza kuwa ncha ya neva iliyokatika imeota kinundu, ambacho kinaweza kuondolewa kisha ncha hiyo ikafukiwa ndani ya msuli, mbali na ngozi, ijapokuwa ganzi nyuma ya kidole itabaki. Ganzi naivumilia, maumivu ndiyo yanayonizuia kushika randa. Kwa aliyefanyiwa upasuaji huu, je, maumivu yalirudi, na alirejea kazini baada ya muda gani?