Nani huamua kanuni mpya za Bitcoin zianze kutumika?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Bitcoin haina mkurugenzi wala bodi, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuendesha nodi (programu inayokagua kama kanuni zinafuatwa) bila kuomba ruhusa. Hata hivyo, maboresho ya Taproot, yaliyohusu namna ya kusaini miamala, yalipitishwa Juni 2021 baada ya asilimia 90 ya bloku (mafungu ya miamala) kubeba alama ya kuyaunga mkono kutoka kwa wachimbaji, yaani wanaoziunda bloku hizo kwa kompyuta zao. Je, wachimbaji ndio wapiga kura, na sisi wengine tunafuata tu?

Jibu la kwanza
Ile si kura, bali ni taarifa ya utayari. Mchimbaji huweka alama katika namba ya toleo iliyo kwenye kichwa cha bloku, na nodi huzihesabu alama hizo kwa vipindi vya bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili. Taproot ilihitaji bloku 1,815 katika kipindi kimoja. Zilipotimia, kanuni zilisubiri hadi bloku ya 709,632, Novemba 2021, ili watu wapate muda wa kuhuisha programu zao.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu aliyenitangulia, ila mfano wa SegWit, maboresho ya awali yaliyotenganisha saini na data nyingine za muamala, unafundisha zaidi. Wakati huo kiwango kilikuwa asilimia 95, kwa hiyo kundi dogo tu la wachimbaji liliweza kuyakwamisha maboresho, na yalikwama kwa miezi mingi. Ndipo baadhi ya watumiaji wakatangaza, kupitia BIP 148 (BIP ni pendekezo la kuboresha Bitcoin), kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 nodi zao zitakataa kila bloku isiyo na alama ya SegWit. Walijiweka hatarini, kwa kuwa wangebaki wachache wangejikuta kwenye mnyororo wao wa bloku peke yao. Lakini mchimbaji naye hulipwa kwa sarafu anazochimba, na bloku ikikataliwa na wale anaotarajia kuwauzia, umeme wake umepotea bure. Kabla ya siku hiyo kufika, wachimbaji walikubali njia ya BIP 91 yenye kiwango cha asilimia 80, na SegWit ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti. Wasioridhika na SegWit walikuwa wamekwisha kujitenga na kuanzisha sarafu yao, Bitcoin Cash.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Ikiwa nodi zina nguvu hiyo, kwa nini wachimbaji wasubiriwe?

Jibu la tatu
Kwa sababu kanuni zikikazwa bila wachimbaji walio wengi kuzisimamia, nodi ambazo hazijahuishwa zitaendelea kuufuata mnyororo mrefu zaidi, hata ukiwa umevunja kanuni mpya, na mtu anaweza kupokea malipo ambayo wenzake hawayatambui. Utayari wa wachimbaji hupunguza hatari hiyo, lakini haumlazimishi mtu. Mpango wa SegWit2x wa kuongeza ukubwa wa bloku uliungwa mkono na sehemu kubwa ya nguvu ya uchimbaji pamoja na kampuni nyingi, lakini waandaaji wake waliusitisha tarehe 8 Novemba 2017, wakikiri kwamba hawakuwa wamejenga maafikiano ya kutosha.