Naletewa mtoto wa mbwa Jumamosi, na ua wetu umeshapitiwa na parvo. Nifanye nini kabla hajafika?

MamaWaTororo
Ndugu zangu, habari za humu. Mtoto wa mbwa ninayeletewa ana wiki saba, uzito kilo tatu hivi. Tunakaa nyumba za kupanga hapa Tororo, milango sita, ua mmoja. Mwezi wa nane mbwa mdogo wa jirani alikufa kwa kutapika na kuhara damu, na daktari wa mifugo akasema ni parvo. Ndani kwangu ni sementi. Nje ni udongo mtupu, na kuna mwembe ambao mbwa wa mtaa hulala chini yake. Nimedeki kwa sabuni ya unga na ile dawa ya kunukia, inatosha? Anayeniuzia anasema ameshamchanja, sasa je, naweza kumwacha acheze uani na watoto? Na huo udongo unatibiwaje?

DaktariWaMifugo_Mbale
Karibu mama. Sabuni na dawa ya kunukia haviui parvo. Virusi vingi vina utando wa mafuta unaoyeyushwa na sabuni au spiriti. Hiki hakina, ndiyo maana kinadumu sakafuni miezi mingi, na mahali penye kivuli na unyevu kinaweza kufikisha mwaka. Jiki inakiua, ila ina masharti yake.

Kwanza sugua sakafu kwa sabuni na brashi ngumu, hasa nyufa na pembe, kisha suuza kwa maji mengi. Jiki ikikutana na kinyesi, vumbi au mafuta, nguvu zake zinaishia hapo na virusi vilivyo chini yake vinabaki hai. Wengi wanaolalamika kwamba jiki haikusaidia waliimwaga juu ya uchafu. Sakafu ikishatakata, soma lebo ya jiki yako. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, nusu lita kwa maji lita tisa na nusu inatosha ndoo ya lita kumi. Sakafu ibaki imelowa dakika kumi kamili. Ikianza kukauka kabla ya hapo, ongeza. Baadaye suuza, fungua madirisha, na mbwa asikanyage mpaka pakauke kabisa, maana atalamba miguu. Changanya siku ile ile unayotumia, kwa sababu jua na joto vinaipunguza nguvu. Ile ya kupimiwa sokoni kwenye chupa za soda iache, huwezi kujua imetiwa maji kiasi gani. Wala usiichanganye na dawa ya choo au siki, hutoa gesi ya sumu.

Chanjo moja haitoshi, hata kama kweli alichomwa. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye dang'a ya mama yake. Kinga hiyo hupungua polepole, na kama bado ina nguvu siku ya sindano, huizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajitengenezea kinga yake. Kwa kumtazama tu huwezi kujua imekwisha lini, na watoto wa tumbo moja hutofautiana. Ndiyo sababu tunarudia: ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, halafu kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho lazima iwe wiki ya 16 au baada ya hapo. Wengi huachia kwenye ya pili, na mbwa anaugua huku kadi iko kabatini. Mwombe muuzaji kadi yenye stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, na tarehe. Kama hana, hesabu hajachanjwa.

Jambo jingine linaloharibu chanjo ni kugawanya chupa moja kwa watoto watatu ili kuokoa pesa. Kila mbwa anapewa dozi nzima, awe mdogo au mkubwa.

MfugaMbwa_Jinja
Udongo usiumwagie jiki, ni kupoteza pesa, unaimeza yote. Palipo wazi jua la mchana linasaidia. Chini ya mwembe halifiki, kwa hiyo hapo asikanyage kabisa mpaka amalize chanjo zote.

Choo chake kiwe ndani: beseni pana lenye magazeti au maranda ya seremala. Kinyesi kiondolewe papo hapo na kitupwe chooni, nzi wasikitue. Viatu ndivyo njia kubwa ya kuleta parvo ndani. Kila mtu avue mlangoni, wageni pia, na wa nyumbani wawe na ndala za ndani peke yake. Wengine huweka mkeka wenye jiki mlangoni, lakini baada ya viatu vichache vya matope unakuwa tope tu. Vyombo vya mbwa aliyekufa, kamba na godoro, usivikubali hata ukipewa bure.

Kumfungia ndani moja kwa moja nako si kuzuri. Umri huu hadi wiki ya 12 hivi ndio anaozoea watu, boda na kelele za sokoni, na akiukosa anakuwa mwoga au mkali. Mbebe mikononi mtembee naye, bila kumshusha chini. Mbwa mkubwa mwenye afya aliyechanjwa kikamilifu anaweza kuja kucheza naye ndani.

MamaWaTororo
Asanteni sana. Na minyoo je? Jirani amenipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasema inamaliza kupe na viroboto.

DukaLaMifugo_Soroti
Mrudishie dada. Nyingi ya hizo ni amitrazi, na kwa mbwa wa umri huu inaweza kushusha mapigo ya moyo na joto la mwili mpaka azimie. Kupe watoe kwa kibano, ukishika karibu kabisa na ngozi. Ukihitaji dawa, uliza fipronili ya kupuliza inayofaa umri wake.

Minyoo: fenbendazoli ya kunywesha, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku tatu mfululizo. Wako wa kilo tatu ni miligramu 150. Kwenye chupa ya asilimia 10 hiyo ni mililita 1.5, na kwenye ya asilimia 2.5 ni mililita 6, kwa hiyo soma chupa kabla ya kuivuta kwa bomba la sindano. Rudia kila wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye, kwani minyoo hiyo huwapata na wao.

DaktariWaMifugo_Mbale
Nakazia hapo. Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika wiki ya 12. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya.

Kwenye boda mbebe ndani ya kikapu chenye kitambaa safi, na kliniki asishuke sakafuni. Chanjo itoke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ichanganywe mbele yako. Kama umeme ulikatika tangu jana na hakuna barafu, rudi siku nyingine.

Akikataa chakula, akalegea na kutapika, usingoje damu. Dalili hutokea siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, na kwa umri huu maji ya mwilini yanaweza kuisha ndani ya siku moja. Usimpe dawa za binadamu za kuhara au maumivu, wala usimlazimishe kula. Kama hatapiki, mpe ORS kijiko cha chai kila dakika kumi mkiwa njiani. Kama anatapika, usimpe kitu mdomoni, anahitaji dripu. Piga simu kliniki kabla ya kufika ili wakupokee nje, asipite kwenye chumba walimo watoto wengine wa mbwa.