Kompyuta ya nyumbani inakataa LibreOffice kwa njia mbili tofauti: je, tatizo ni moja au ni mawili?

Katibu wa Kikundi

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wenu, maana hii ni wiki ya pili ninahangaika na kazi ambayo nilidhani ingenichukua nusu saa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Hesabu zetu zimekuwa zikiandikwa kwenye daftari kubwa, na mwaka huu wanachama walikubaliana kwamba ziingizwe kwenye kompyuta. Kwa kuwa nyumbani kwangu ipo kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imekwishatumika, kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Kompyuta ina Windows 10, RAM ya gigabaiti 4, na diski C bado ina nafasi ya kutosha. Nilichagua LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, kwa sababu hutolewa bure kihalali, nami sikutaka hesabu za fedha za watu zikae ndani ya programu iliyoibwa.

Nimejaribu njia mbili na zote zimeshindikana. Kwanza nilitaka kuipakua hapa nyumbani kwa intaneti ya simu yangu, lakini kivinjari kinakataa kuufungua ukurasa, kikisema kwamba muunganisho si salama. Tovuti nyingine nyingi nazo zinakataliwa vivyo hivyo, na hata antivirusi imeshindwa kujisasisha, ingawa simu yenyewe inafungua kurasa hizohizo bila taabu yoyote. Njia ya pili, mpwa wangu aliipakua kwenye kompyuta mpakato yake akaniletea kwa flashi. Nilipolibonyeza faili hilo, ulitokea ujumbe mfupi usemao kwamba kifurushi hiki hakikubaliwi na prosesa ya aina hii, na usakinishaji ukakoma palepale.

Fundi wa mtaani ameniambia kwamba prosesa imezeeka na ninunue kompyuta nyingine. Kabla ya kuupeleka ushauri huo kwa wanachama, ambao fedha zao ndizo zitakazotumika, ningependa kusikia kutoka kwenu. Jambo jingine dogo, sijui kama linahusika: barua nilizoziandika asubuhi kwenye kompyuta hii zinaonyesha kwamba ziliandikwa mwaka 2009.

Mdau wa Chumbageni

Pole sana, dada. Mimi niliwahi kupata usumbufu wa aina hiyo na nilichofanya ni kuzima antivirusi, kufuta mafaili yote ya muda, kisha kuitafuta programu kwenye tovuti nyingine isiyo na masharti mengi. Pia jaribu kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua liendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi. Mara nyingi hilo hutosha.

Fundi Makorora

Dada Katibu, usinunue kompyuta nyingine kwanza. Na wewe ndugu yangu wa Chumbageni, niwie radhi, kwa maana najua umeshauri kwa nia njema, lakini ushauri wa kuzima antivirusi na kwenda kupakua kwenye tovuti isiyojulikana ninaupinga kwa nguvu zote, hasa kwa kompyuta itakayobeba majina na mikopo ya watu. Programu hii hutolewa bure na wenyewe, The Document Foundation, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipokea kutoka kwa mtu wa kati ambaye hujui ameongeza nini ndani yake.

Jibu la swali lako ni kwamba matatizo ni mawili, hayahusiani, na yamekuchanganya kwa sababu yamekuja pamoja. Lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo ndilo chanzo cha la kwanza.

Kila tovuti salama huja na cheti chenye tarehe mbili, ya kuanza kutumika na ya kwisha, na kivinjari hukilinganisha cheti hicho na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 inapoonyeshwa cheti kilichotolewa miezi michache iliyopita, inakiona kuwa ni cha wakati ambao haujafika, kwa hiyo inakikataa, na ni wajibu wake kukikataa. Antivirusi nayo huenda kuchukua masasisho yake kwa njia hiyohiyo ya vyeti, ndiyo maana imekwama. Simu yako haina tatizo kwa kuwa saa yake ni sahihi.

Tazama tarehe iliyo kwenye kona ya chini kulia ya kioo. Ikiwa si ya leo, ingia kwenye mipangilio ya saa, uizime kwa muda ile sehemu ya kujirekebisha yenyewe, kisha uweke tarehe na saa kwa mkono. Katika orodha ya kanda za saa hutaiona Dar es Salaam. Chagua Nairobi, ambayo imeandikwa UTC+03:00. Tena tafadhali zingatia kwamba kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi: saa tatu asubuhi yetu iandikwe 9:00, na saa mbili usiku iandikwe 20:00. Nimeshakuta kompyuta kadhaa ambazo saa zake zimepishana na ukweli kwa saa sita kamili kwa sababu hiyo. Kosa la namna hiyo kwa kawaida halizuii tovuti kufunguka, lakini katika kazi yako kila faili la hesabu litabeba muda usio wa kweli.

Pengine utajiuliza kwa nini Windows haikujirekebisha ilipopata intaneti. Huduma yake ya saa, katika kompyuta ya nyumbani isiyo chini ya mtandao wa ofisi, imewekewa kikomo cha saa 15. Tofauti ikizidi hapo, inaogopa kurekebisha yenyewe, na wewe umepitwa kwa miaka. Ukishaiweka kwa mkono, irudishie uwezo wa kujirekebisha, nayo itaendelea kuzisawazisha dakika ndogondogo.

Sasa tatizo la pili. Ujumbe ule hausemi kwamba prosesa imezeeka. Unasema kwamba faili lilitengenezwa kwa ajili ya mfumo wa biti 64, na Windows yako, ninavyoona, ni ya biti 32 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo mfumo huishughulikia kwa mkupuo mmoja). Kurasa nyingi za kupakulia hubashiri aina ya kompyuta iliyoufungua ukurasa, kwa hiyo mpwa wako alipewa faili linaloifaa kompyuta yake. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile cha Pause, au ingia kwenye mipangilio ya mfumo, ukurasa wa About, na usome mstari unaotaja aina ya mfumo. Tuandikie hapa neno kwa neno unachokiona, pamoja na kiasi cha RAM kilichoandikwa kwamba kinaweza kutumika.

Katibu wa Kikundi

Ahsante sana, Fundi. Tarehe iliyokuwa kwenye kona ni 1 Januari 2009, nami kwa muda wote huo nilikuwa nikiangalia kila kitu isipokuwa hapo. Nimeirekebisha na kurasa zimefunguka mara moja.

Kwenye aina ya mfumo pameandikwa kwamba mfumo ni wa biti 32 na prosesa ni ya x64. RAM ni gigabaiti 4, na inayoweza kutumika ni 3.2. Lakini leo asubuhi nimewasha kompyuta, tarehe imerudi 2009. Niongeze kwamba hapa nyumbani tuna mazoea ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku ili kulinda umeme wa Luku na kuepuka umeme unaorudi kwa nguvu ukishakatika.

Fundi Makorora

Umeeleza vizuri sana, na maelezo hayo ya swichi yamemaliza utafiti. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa kwenye umeme, saa yake huendeshwa na umeme mdogo unaobaki ukipita kwenye bodi kuu. Ukizima ukutani, saa inabaki kutegemea betri ndogo ya duara iliyopachikwa kwenye bodi hiyo, na yako imekwisha. Usiache mazoea yenu, kwani ni mazuri. Badilisha betri.

Betri hiyo huitwa CR2032, na jina lake lina maana: kipenyo ni milimita 20 na unene ni milimita 3.2. Ni ya volti 3. Hupatikana kwa mafundi wa saa na kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na mwenye mita anaweza kukupimia ile ya zamani ukajiridhisha. Kabla ya kuitoa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na upige picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio yake, hasa ule unaohusu diski, kwa sababu katika baadhi ya kompyuta za zamani namna ya kuisoma diski hubadilika mipangilio ikijirudisha mwanzo, na Windows ikakataa kuwaka. Baada ya hapo zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Kando ya betri pana kibanio kidogo. Kisukume kwa ukucha na betri itainuka yenyewe. Mpya iwekwe upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukiwa juu.

Kuhusu biti, prosesa yako ina uwezo wa 64, ila aliyeisakinisha Windows aliweka ya 32, ndiyo maana sehemu ya RAM yako haitumiki. Kuhamia 64 kunahitaji Windows isakinishwe upya kuanzia mwanzo, mafaili yote yakiwa yamehifadhiwa mahali pengine, na kwa leo sioni haja. Kwenye ukurasa wa kupakulia, acha faili ambalo jina lake linaishia na x86-64 na uchukue lile la x86 pekee. Watu wengi hukosea hapo wakidhani 86 ni kubwa kuliko 64. Jina hilo limetokana na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 na halihesabu biti. Matoleo mapya ya programu nyingi yanaiaga biti 32, kwa hiyo usipoliona faili hilo kwenye toleo jipya kabisa, ingia kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani ya haohao The Document Foundation na usiende kwingine.

Jambo moja la kulitafakari baadaye na wanachama: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Fedha za kikundi hazipaswi kukaa miaka mingi kwenye mfumo usiopokea marekebisho ya usalama.

Msomaji wa Bagamoyo

Naomba kuongeza kuhusu kupakua, kwa sababu faili hilo lina megabaiti zaidi ya 300 na bando likikatika katikati unaweza kubaki na faili lenye umbo kamili lakini bovu ndani, kisha ukaanza tena kuilaumu kompyuta. Ukishalipakua, fungua dirisha la amri ndani ya folda lilipo faili na uandike hivi, ukiweka jina halisi la faili:

certutil -hashfile jina-la-faili.msi SHA256

Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Ulinganishe na ule ulioandikwa na wenye programu kwenye tovuti yao. Ikitofautiana hata herufi moja, usilisakinishe. Mahali ambapo mtandao hukatika mara kwa mara, mimi hutumia njia ya torrent, yaani ya kupakua faili kipande kwa kipande, inayotolewa kwenye tovuti hiyohiyo, kwa sababu huhakiki kila kipande na huendelea pale ilipoishia.

Na iwapo usakinishaji utafika karibu na mwisho kisha ukarudi nyuma, usibahatishe. Uanzishe kwa amri hii ili uandike kumbukumbu ya kila hatua:

msiexec /i jina-la-faili.msi /L*v kumbukumbu.txt

Lifungue faili la kumbukumbu na utafute maneno Return value 3. Kosa lenyewe kwa kawaida limeandikwa mistari michache juu ya hapo, na ukilibandika hapa tutakusomea.

Katibu wa Kikundi

Ndugu zangu, ninaleta majibu. Betri nimeibadilisha mwenyewe, mpwa wangu akinimulikia kwa tochi ya simu, na fundi wa saa aliyenipimia ile ya zamani aliikuta na volti 1.4. Kompyuta imezimwa ukutani kwa usiku mbili na tarehe imebaki ya kweli.

Faili la kwanza la x86 nililolipakua halikulingana na mfuatano wa wenye programu, maana bando lilikwisha katikati nami sikutambua. Nimelifuta, nikapakua upya kwa torrent, mara hii likalingana kwa herufi zote 64, na LibreOffice imesakinishwa bila ujumbe wowote wa kukataa. Sikuhitaji kuandika kumbukumbu, lakini amri hiyo nimeinakili kwenye jalada la nyuma la daftari. Jioni hii nimeingiza michango ya miezi mitatu ya kwanza, na jumla imelingana na ile ya daftari.

Suala la kuhamia biti 64 nimeliweka kwenye ajenda ya kikao kijacho. Msimamizi anaweza kuifunga mada hii.