Warsha ya riwaya za watoto: mswada wangu utasomwa mbele ya watu, nijiandaeje?

Kisiki_cha_Mnazi:
Wakuu habari za jioni. Nimechaguliwa kwenye warsha ya waandishi wa vitabu vya watoto hapa Dar, ni wiki ijayo, tumeambiwa kila mtu alete sura mbili za mwanzo na kopi za kutosha, zinasomwa kwa sauti halafu watu wanatoa maoni. Riwaya yangu ni ya watoto wa miaka 9 hadi 12 hivi, kuna binti wa Kilwa Kivinje anatafuta ngalawa ya babu yake iliyoibiwa. Sasa unafanyaje ili upate maoni ya maana? Warsha niliyoenda kabla ya hii ilikuwa ni hongera hongera, "inafundisha, endelea hivyo hivyo", mara mwingine anasema futa sura nzima, mwenzake anasema hiyo hiyo ndo tamu kuliko zote, nikatoka pale kichwa kinagonga sijui nimsikilize nani.

MamaNasra:
Hongera mkuu. Cha kwanza usiwaulize "mnaionaje", utajibiwa "nzuri" na mtu ambaye akili yote iko kwenye chai ya saa nne. Juu ya karatasi waandikie unachotaka kujua: wapi umechoka, wapi umepotea, huyu binti unamwona ana miaka mingapi. Hilo la miaka usilidharau, nimewahi kuhariri mswada mtoto wa miaka kumi anamwambia mwenzake "suala hili linahitaji subira na busara", nikamwambia mwenye kazi huyu sio mtoto, huyu ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa 😂

Halafu wakiongea wewe nyamaza uandike. Ukianza "hapo nilikuwa namaanisha..." wanaacha kusema ukweli. Na maoni yakigongana usihesabu kura, angalia wamegongania wapi. Mmoja anasema futa, mwingine anasema ongeza, lakini wote wameishia ukurasa ule ule, basi hapo pana kitu, dawa utaitafuta mwenyewe.

Mwl_wa_Tano:
Mimi nafundisha shule ya msingi. Kabla ya warsha mpe mtoto wa darasa la tano aisome kwa sauti, wewe kaa na penseli na kopi yako, akikwama weka alama. Nilimfanyia hivyo rafiki yangu, mswada wake ulianza "Jua lilipokuwa likichomoza nyuma ya minazi iliyokuwa ikiyumbayumba kwa madaha", mtoto kufika kwenye minazi pumzi imekata, akarudi nyuma, akaruka mstari mzima. Watu wazima warshani wangeisifia ile sentensi.

Na usimuulize amejifunza nini. Atakwambia "tuwatii wazazi" hata kama hadithi ni ya mamba, wamezoea mitihani hao. Muulize anadhani nini kitafuata.

Kalamu_Kavu:
Naongezea moja. Sura mbili hazionyeshi mwisho, so weka na muhtasari wa ukurasa mmoja wa hadithi yote, tena useme nani anaipata ngalawa. Miswada yetu mingi mtoto anahangaika weee, mwishoni anatokea mjomba askari anamaliza kesi na hotuba juu. Pia waambie unakipeleka wapi, maana kitabu kikitaka kuingia shuleni kuna mambo ya ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, anayekisoma kwa jicho hilo hatakwambia sawa na anayewaza Tuzo ya Nyerere ya uandishi bunifu, ambayo nayo siku hizi ina kipengele cha hadithi za watoto.

Kisiki_cha_Mnazi:
Asanteni sana wakuu, muhtasari naanza leo leo. Ila Kalamu, binti wa miaka 11 atamkabilije mwizi wa ngalawa peke yake? Si watasema nawafundisha watoto kujihatarisha?

Kalamu_Kavu:
Kwani lazima wapigane? Huyo amekua akimshikia babu yake vifaa wakati anaikalafati, yaani anaziba nyufa zake, anaijua ile ngalawa kuliko polisi. Adamke alfajiri aende dikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, wakati wavuvi wanarudi, azikague moja moja. Mwizi atakuwa ameshaipaka rangi mpya, lakini ule mrengu mmoja (mti wa kuzuia ngalawa isipinduke) babu alioubadilisha kwa mti mwingine hawezi kuuficha, binti auone, awaite wazee wa diko. Polisi waje baadaye kuandika maelezo tu.